Usirekodi Usichoweza Kukiimba Ukiwa Umesimama

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia ujumbe mrefu. Bendi yake imerekodi nyimbo nne za metali, ule muziki wa magitaa mazito na sauti za kukwaruza, na waliozisikia wamezisifu, lakini kila wanapopanda jukwaani sauti yake hukatika kabla ya wimbo wa tatu kwisha, na sasa wenzake wameanza kutafuta mwimbaji mwingine bila kumwambia. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, tatizo ni koo langu au ni mimi?" Nilikaa na ujumbe huo siku mbili kabla ya kuujibu, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lake lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Mimi ni mwimbaji wa bendi ya metali hapa Nairobi. Tuliporekodi kazi yetu ya kwanza, nilipangiwa jioni nne za kuimba. Nilikuwa nikikaa kwenye stuli, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, nikaimba kipande cha sekunde kumi, nikapumzika, nikarudia. Ukelele unaofunga wimbo wetu wa mwisho, ambao mashabiki waliupenda kuliko kitu kingine chochote, ulitokana na vipande vitatu: mwanzo wake niliuimba Jumanne, katikati Alhamisi, na ule mkia unaoshuka polepole hadi kuwa mngurumo ulipatikana Jumamosi katika jaribio la kumi na moja. Fundi aliviunga kwa ustadi mkubwa, akaibana sauti ili mnong'ono na ukelele visikike kwa nguvu zinazokaribiana, kisha akalaza sauti yangu ya pili chini ya ile ya kwanza. Niliposikiliza matokeo niliamini kwamba yule anayeimba ni mimi. Hapo ndipo nilipokosea.

Onyesho letu la kwanza baada ya kurekodi lilikuwa katika ukumbi mdogo wenye paa la mabati. Ngoma zilikuwa mita moja nyuma ya kichwa changu na sikuweza kujisikia hata kidogo. Mtu asiyejisikia hupiga kelele zaidi, nami nilifanya hivyo tangu ubeti wa kwanza. Nilikuwa pia na tabia ya kukifunika kichwa cha kipaza sauti kwa viganja vyote viwili, kwa sababu nilikuwa nimewaona waimbaji wengi kwenye video wakifanya hivyo. Kipaza sauti kilikuwa SM58 ya Shure, aina inayouzwa tangu 1966 na inayokutwa karibu kila ukumbi. Kimeundwa ili kipokee sauti ya mbele na kuzikataa zinazotoka nyuma, yaani upande wa spika za jukwaani, lakini ukikiziba kwa mikono kinapokea kila kitu. Spika zikaanza kupiga mluzi. Fundi mitambo alininyooshea kidole mara mbili, kisha akanishusha sauti, nami nikazidi kukaza koo.

Katika wimbo wa tatu sauti iliondoka. Nilifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu yenye mkwaruzo, na ulimi wangu ukawa na ladha ya chuma. Msichana aliyekuwa mstari wa mbele, ambaye alikuwa ameimba nasi maneno yote ya nyimbo mbili za kwanza, aliishusha simu yake polepole akaacha kurekodi. Nikiwa nashuka nilimsikia mtu akisema kwamba aliyeimba kwenye rekodi si huyu. Maneno yale bado yananiuma, na sitajifanya kwamba nimeyasahau.

Daktari wa koo aliniamuru ninyamaze siku 7, nisinong'one hata neno. Miezi iliyofuata haina la kusimulia, ila mazoezi ya pumzi asubuhi na jioni.

Kilichonisaidia zaidi katika kipindi hicho ni kuwasikiliza wakongwe kwa sikio jingine. Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, walitoa rekodi ya maonyesho yao ya Tokyo mwaka 1979, nayo ikapendwa mno. Baadaye mwimbaji wao, Rob Halford, mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umemharibia sauti siku hizo, hivyo akaimba upya studioni. Basi hata rekodi inayoitwa ya jukwaani inaweza kuwa imepita mikononi mwa fundi. James Hetfield, mwimbaji wa bendi ya Metallica, aliumiza sauti mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa tayari maarufu duniani, akaenda kwa mwalimu wa sauti na kuanza kupasha koo moto kabla ya kila onyesho kama mwanafunzi. Ikiwa mtu wa kiwango chake alikubali kufundishwa, mimi na wewe tunajivunia nini? Na msikilizeni mwimbaji Bruce Dickinson katika Live After Death, albamu ya jukwaani iliyotolewa na bendi yake, Iron Maiden, mwaka 1985 kutokana na ziara iliyodumu karibu mwaka mzima: katika wimbo wa Aces High sauti yake haina ulaini ule wa studioni, mahali pengine anaifupisha sentensi ili apate pumzi, na bado kuna nguvu ambayo rekodi ya studioni haina. Kwangu mimi huyo ndiye mwimbaji kamili, maana anajua pa kuacha.

Hapa kwetu tuna mfano wa namna yake. Martin Khanja, aliyetoa albamu na kundi lake la watu wawili, Duma, mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ambaye sasa anajulikana kama Lord Spikeheart, huimba juu ya midundo ya mashine isiyomsubiri mtu. Mpiga ngoma akikuona umechoka anaweza kukupa nafasi. Mashine haina huruma hiyo.

Kwa hiyo nawaambieni, ndugu zangu mnaoota majukwaa makubwa kama ninavyoota mimi: imbeni wimbo mzima mkiwa mmesimama kabla hamjalipia saa hata moja ya studio. Uimbeni baada ya kuimba nyingine nne. Uimbeni mkitembea, kwa sababu jukwaani hamtakaa kwenye stuli. Mngurumo unaofanywa vizuri hutikisa mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti na kuziacha nyuzi zenyewe zipumzike kiasi, na msukumo wake hutoka tumboni. Ukiona maumivu, umekosea, acha papo hapo. Ombeni kujisikia jukwaani kabla ya kuomba kusikika ukumbini. Ondoeni mikono kwenye kichwa cha kipaza sauti. Na kile msichoweza kukiimba mkiwa mmesimama, msikirekodi, hata kama fundi atawaahidi kukiunga, kwa sababu shabiki aliyelipa kiingilio atakuja kukidai.

Mimi ule ukelele niliubadilisha. Sasa jukwaani naumalizia kwa mngurumo mfupi wa pumzi moja, na wapo wanaolalamika kwamba haufanani na wa kwenye rekodi. Wana haki. Katika kazi yetu mpya nimeuimba kila wimbo mara tatu tu, mwanzo hadi mwisho, tukachagua mmoja.

Kijana wa Nakuru nilimjibu kwamba koo lake halina tatizo lolote ninaloweza kulijua kwa mbali, ila aende akaonwe na daktari, kisha azipange nyimbo zake nne, aziimbe mfululizo akiwa amesimama, simu ikiwa mezani, bila kukata. Jana usiku aliniletea rekodi. Katika wimbo wa tatu anakohoa, unasikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, anakunywa maji huku gitaa likiendelea, kisha anaingia tena kwenye ubeti akiwa amechelewa kidogo na anafika mwisho wa wimbo wa nne. Nimeisikiliza mara tatu.