Mwenzako Ameweka Chipu Zote: Umfuate au Utupe Karata?

Kwenye mashindano ya poka, karata ambazo ungeziwekea chipu zako zote bila wasiwasi huenda zisitoshe kumfuata mwenzako akiweka zake. Hili mimi humwambia kila anayeanza kucheza nami. Anayetangulia kuweka zote ana njia mbili za kushinda: wengine watupe karata, au karata zake zishinde zikifunuliwa. Wewe unayefuata una moja tu.

Mimi huanza na chipu zilizopo katikati ya meza. Tuseme blaindi, yaani chipu ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa, ni 500 na 1,000, ante (mchango wa lazima wa ziada) ya 1,000 imeshalipwa, wewe ndiwe uliyeweka blaindi kubwa, na mwenye zamu ya kugawa ameweka zote, 10,000. Katikati kuna 12,500, nawe unaongeza 9,000 kuwania jumla ya 21,500. Unahitaji kushinda kama asilimia 42. Mtu aliyebakiza blaindi kubwa kumi, akiwa katika nafasi hiyo, huweka zote hata kwa karata za wastani, kwa hiyo jozi ya nane nafuata mara moja. Lakini angeziweka akiwa wa kwanza kuamua kwenye meza ya watu 9, ree na ghulamu ningezitupa. Huyo huwa na jozi nzuri au ree yenye mfalme au malkia, na dhidi ya ree ya namna hiyo unashinda takriban mara moja kati ya nne.

Hiyo ni hesabu ya chipu, na chipu si pesa. Hapa ndipo watu wazuri kabisa wa karata hupotea.

Mmebaki wanne, chipu zenu ni sawa, na zawadi ni tatu: shilingi 50,000, 30,000 na 20,000. Nafasi yako ina thamani ya 25,000. Mmoja anaweka zote. Ukimfuata ukashinda, chipu zako zinakuwa maradufu, lakini thamani yako inafika 38,300 hivi, kwa sababu bado zawadi ya kwanza hujaichukua na wawili waliobaki nao wamejihakikishia chao. Ukishindwa, unaondoka mikono mitupu. Gawanya 25,000 kwa 38,300: ukiacha blaindi kando, unahitaji asilimia 65. Malkia wawili dhidi ya ree na mfalme hushinda kama asilimia 57. Maana yake, hata angekuonyesha hiyo ree na mfalme, malkia wako ni wa kutupa! Makadirio haya ya kugeuza chipu kuwa pesa huitwa ICM (Independent Chip Model), na Mason Malmuth ndiye aliyeyaingiza kwenye poka mwaka 1987. Yafanyie mazoezi nyumbani, maana mezani muda hautoshi.

Mashindano ya kufuzu, ambayo zawadi yake ni tiketi za kuingia mashindano makubwa, ni makali zaidi. Kama tiketi ni 10 zenye thamani moja na mmebaki 11, mwenye chipu nyingi anaweza kutupa hata ree mbili akiwekewa zote na mwenye nyingi kama yeye. Ree mbili hushindwa kama mara 15 katika 100 hata dhidi ya karata za kubahatisha tu, na tiketi alikuwa nayo tayari.

Kwa hiyo kabla ya kufuata, zungusha macho kwenye rundo la kila mchezaji. Akiwepo aliyebakiwa na blaindi moja au mbili, mwache yeye atoke kwanza.