Nyimbo Zilizosahaulika Zipewe Upande Mzima wa Kanda

Baba yangu mdogo alikuwa gadi wa treni za mizigo za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na kila aliporudi kutoka Kapiri Mposhi kule Zambia alishuka stesheni ya Mbeya akiwa na kanda mbili tatu begini, amezitumbukiza ndani ya soksi zisigongane. Humo ndimo nilimowasikia kwa mara ya kwanza WITCH na Amanaz, bendi za roki ya Zambia zilizovuma miaka ya 1970, wakati Rais Kenneth Kaunda alipotaka redio za nchi yake zipige zaidi muziki wa nyumbani. Bei ya shaba iliposhuka, uchumi ukayumba na muziki huo ukafifia, kiasi kwamba hata sisi tunaokaa jirani na Tunduma, mpakani mwa Zambia, wengi hatuujui.

Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia kwanza waache kudonoa wimbo mmoja mmoja. Wimbo ambao hukukua nao, usiokukumbusha harusi wala disko lolote, ukiusikia mara moja utauona wa kawaida tu. Albamu ya WITCH ya mwaka 1975, Lazy Bones!!, niliisikiliza wiki nzima bila kuipenda, gita likinikera kama debe linaloburutwa kwenye lami, mpaka jioni moja nilipoacha kulifuata gita nikalifuata besi. Tangu siku hiyo, muziki wowote mgeni nauingilia kwa mlango wa besi na ngoma. Maneno huyafuatilia baadaye.

Nyimbo za mtu mmoja na gita lake kavu zina utaratibu mwingine. Mwingereza Nick Drake alitoa albamu ya Pink Moon mwaka 1972, sauti yake na gita tu, isipokuwa kinanda kidogo katika wimbo uliobeba jina la albamu. Yote haifiki dakika 30, kwa hiyo inaenea upande mmoja wa kanda ya dakika 60. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26, santuri zake zikiwa zimenunuliwa na watu wachache mno. Isikilize usiku wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekufungia ndani ya blanketi, bila simu mkononi, nawe utasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi.

Kuhusu kutunza, nilijifunza kwa hasara. Kanda ya WITCH baba mdogo aliirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya santuri ya rafiki yake, katika nyumba iliyokaribiana na reli, na katikati ya wimbo mmoja ilisikika honi ya treni. Nilimpelekea fundi mmoja mjini aihamishie kwenye flashi, naye kwa nia njema akasafisha kila alichokiona uchafu. Kisha kanda yenyewe, kwa kuwa sikuwa nimevunja vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, mtu wa dukani akairekodia kwaya. Vunjeni vibanzi hivyo kabla kanda haijatoka nyumbani, na mwambieni fundi ahamishe kila kitu kama kilivyo, pamoja na mikwaruzo.

Nilimpigia baba mdogo nakala hiyo safi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, halafu akauliza, "Sasa honi mmeipeleka wapi?"