Kuvutia kampuni kwenye dunia pepe bila kuwakimbiza wenyeji: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza dunia pepe yenu ifanye nini ili kampuni kubwa ziingie na watumiaji wa zamani wasikimbie. Nimeishi Second Life, dunia pepe ya mtandaoni ambayo watumiaji wenyewe hujenga vitu na kuuziana, tangu enzi zile kampuni zinapigana vikumbo kuingia, nikiuza samani za nyumba za humo humo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Anza na swali la kampuni inakuja kufanya nini. Mwaka 2006 na 2007 nyingi zilifuata vichwa vya habari tu. American Apparel walifungua duka 2006, mwaka uliofuata wakalifunga. Karibu na kiwanja changu kulikuwa na kisiwa cha kampuni moja (jina naliacha): ukumbi wa vioo, dawati la mapokezi lisilo na mtu, skrini inarudia tangazo lile lile usiku na mchana. Ukigusa sanduku unapewa fulana ya bure yenye nembo, ukiivaa inakukaa kama gunia. Wakati huo huo klabu ya mkazi wa kawaida ilikuwa imejaa mpaka seva inagandaganda, na hakuna aliyetaka kutoka.

Tofauti haikuwa bajeti. Wale waliojenga ule ukumbi walinakili jengo la kawaida: ngazi nyembamba, korido, dari fupi. Sasa dunia ambayo watu wanapaa, ngazi za nini? Na kamera inamfuata avata (mwili wako wa humo ndani) kwa nyuma na juu kidogo, kwa hiyo ukiingia chumba chenye dari fupi unabaki unatazama upande wa pili wa ukuta. Mkazi yeyote anayejenga anayajua haya bila kufundishwa.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: kampuni ikibisha hodi, mlango wake wa kuingilia uwe wenyeji wenu. Wekeni orodha ya wajenzi, washonaji na waandika skripti (maagizo ya kompyuta yanayofanya vitu vitende kazi) mnaowaamini, na mkataba wa kawaida unaosema kazi italipwa lini na haki ya muundo inabaki kwa nani. Mimi niliwahi kuwekea samani ukumbi wa mafunzo wa kampuni moja ndogo. Nilipandisha dari, nikapanua milango, nikaweka viti ambavyo ukikaa unaelekea ubao. Walikaa muda mrefu, kwa sababu walikuja kufundisha wafanyakazi wao, hawakuja kutangaza. Kwa maoni yangu mikutano na mafunzo ndiyo biashara ya kweli huku. Maduka ya nguo za kampuni yaachieni washonaji wenu, watazishinda kampuni tu.

Sasa upande wa wenyeji. Linden Lab, wenye Second Life, walifanya jambo la maana sana mwaka 2003: waliwaachia watumiaji haki miliki ya vitu wanavyobuni. Uchumi wote ulisimama hapo. Ndiyo maana CopyBot ilipoibuka Novemba 2006, programu iliyoweza kunakili vitu vya watu, wafanyabiashara walifunga maduka kuandamana. Mkiyumba kwenye hilo, hata kampuni haitakuja, maana nayo ina nembo ya kulinda.

La pili ni bei. Oktoba 2008 walitangaza kupandisha ada ya mwezi ya maeneo ya Openspace (ardhi ya matumizi mepesi) kutoka dola 75 hadi 125, na kelele zake zilikuwa si za mchezo. Mwaka 2010 wakatangaza kufuta punguzo la vyuo na mashirika yasiyo ya faida. Wengine wakahamia OpenSim, programu huria ya kuendesha dunia kama hiyo kwenye seva zako mwenyewe, na punguzo likarudishwa 2013. Aliyehama na kujenga kwingine si rahisi kumrudisha. Mkitaka kupandisha ada, toeni taarifa mapema na wakazi waliopo wabaki na bei yao kwa muda unaojulikana.

Kampuni zikidai faragha au masharti ya mavazi na lugha, msiyalazimishe kwa dunia nzima. Zipeni seva zao. Second Life Enterprise ya 2009 ilikuwa na wazo hilo, mfumo unaokaa ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, ila ilianzia dola 55,000 na 2010 ikasitishwa. Wazo naliunga mkono, bei hapana. Ninyi anzeni na chumba cha kukodi kwa mwezi, chenye mlango wa hiari wa kutokea dunia ya wote, wafanyakazi watembee humo baada ya kikao wakipenda.

Kama mna makadirio ya ada yaweke hapa, wauzaji wengine wa humu wayapitie.