Poni wa Kijerumani kwa mtoto: mtazame kichwa kabla ya miguu

Wazazi wenzangu wa huku Ujerumani wakinitafuta kuhusu kununua poni, yaani farasi wa kimo kidogo, wengi huanza kwa kunitumia video: ona anavyorusha miguu! Mimi huuliza ana umri gani, na ni mtoto gani anayempanda sasa.

Deutsches Reitpony, yaani poni wa Kijerumani wa kupanda, si farasi wa kuchezea bustanini. Ni uzao wa juzi tu. Kuanzia miaka ya 1960, wafugaji wa Kijerumani walichanganya poni, hasa wa Wales, na farasi wa Kiarabu na wale wa mbio wa Kiingereza. Walitaka mnyama wa kimo cha mtoto mwenye mwili na hatua za farasi wa mashindano. Walifaulu, tena sana, na hapo ndipo penye kazi. Poni wa miaka minne anayetamba uwanjani chini ya kijana mzoefu anaweza kumtia mtoto wa miaka tisa woga hata asitake tena kuona tandiko.

Binti yangu tulimtafutia wa makamo, aliyekwisha kulea watoto wa watu. Mwendo wake wa kawaida, lakini lori likipita hashtuki. Simbadilishi na bingwa yeyote wa Warendorf, mji wa mashindano ya farasi na poni wachanga.

Nenda ukamjaribu zaidi ya siku moja. Fika kabla hajatandikwa, uone kama anakubali kupigwa brashi na kuinuliwa kwato. Ukimkuta ameshalowa jasho, ujue kuna mtu kamchosha kwanza. Rudi siku nyingine. Kimo nacho kipimwe: kwa kawaida ni kati ya sentimita 135 na 148, na akizidi hapo, mashindano ya poni yanaweza kumfungia mlango. Mtoto naye ana kikomo, kwani mashindano ya kimataifa ya poni huishia mwaka anaotimiza miaka 16. Fikiria mapema atakwenda kwa nani baadaye.

Daktari wa kumkagua mchague wewe, si muuzaji. Linganisha namba ya chipu iliyo mwilini mwake na ile iliyo kwenye pasipoti yake. Bima ya dhima usiiahirishe: mnyama wa starehe akimuumiza mtu, sheria ya hapa hukudai wewe hata kama hukuzembea.

La mwisho ni malisho. Poni hunenepa upesi, na majani mabichi yenye sukari nyingi yanaweza kuwaletea uvimbe mchungu ndani ya kwato. Wetu hula zaidi majani makavu, na akienda malishoni huvalishwa kizuizi cha mdomo. Watoto wa zizini wanamwonea huruma kweli, lakini hatumvui.