Barua ya kuacha kazi iko kwenye simu, mama hajui

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 29, nakaa Kireka ila kwetu ni Koboko. Nafanya kazi ya mikopo kwenye kampuni moja hapa Kampala, huu ni mwaka wa nne. Natoa pesa kwa vikundi vya akina mama sokoni halafu nafuata marejesho. Tageti inapanda kila mwezi, na meneja anatuma kwenye grupu la WhatsApp saa 5 usiku majina ya walioshindwa, la kwangu siku hizi liko juu. Mteja akitoroka wananikata mimi, mwezi uliopita walinikata 120,000. Naamka saa 10 alfajiri moyo unadunda. Juzi nilikuwa Kalerwe simu ikalia, nikaona ni meneja, mikono ikaanza kutetemeka mpaka mama wa nyanya, mmoja wa wateja wangu wa mkopo, nikamlipa mara mbili bila kujua, yeye ndo akanirudishia. Mshahara mkononi ni 850,000. Kodi ya nyumba 300,000, mkopo wa mshahara benki 210,000 na imebaki miezi 7, mama namtumia 100,000, na mdogo wangu yuko S4, kidato cha nne, bodingi, ada yake 600,000 kwa muhula. Kwenye SACCO nina 1,400,000. Kazi nyingine sijapata. Barua ya kuacha nimeshaandika, iko kwenye simu, kila asubuhi naifungua naisoma naifunga. Rafiki yangu anasema toka tu Mungu atafungua mlango, mjomba anasema mjini kazi haiachwi hivihivi. Mama hajui kitu, anajua niko sawa. Nifanyeje? – Nimechoka, Kireka*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama kwa yule mama wa nyanya. Yaani wewe ndo unamdai, wewe ndo unatakiwa kumkazia macho kila wiki, na yeye ndo aliona uko vibaya akakurudishia pesa yako. Mshike huyo mtu, nitamrudia huko mbele.

Sasa rafiki yako na mjomba wako wote wawili wanajibu swali ambalo hukuuliza. Wao wanabishana utoke au ubaki. Wewe barua umeshaandika, kwa hiyo kutoka umeshatoka, mwili tu ndo bado unaenda ofisini. Unachoshindwa ni kitu kingine na umekiandika mwisho kabisa kama vile si kitu, kwamba mama hajui. Mimi naona hapo ndo penyewe. Huo mshahara si wako peke yako, una wenyewe Koboko na mwingine yuko bodingi, na wote wanapanga maisha yao juu ya pesa ambayo wewe kila asubuhi unafikiria kuikata na hujawaambia neno. Hata ungekuwa na meneja malaika ungeamka saa 10.

Ngoja nikuambie yangu, siyapendi lakini ngoja nikuambie. Mwaka 2009 niliacha kazi kwenye ofisi moja ya mjini, siitaji, kwa hasira, saa 4 asubuhi nikachukua mkoba nikatoka na glasi yangu ya chai mkononi, nikajiona shujaa. Nyumbani sikusema. Mama yangu alikuwa anakaa kwangu anaumwa miguu, nikasema nikimwambia atapata presha, nitapata kazi wiki mbili tatu hizi. Basi kila asubuhi navaa, napaka mafuta, naaga, naenda Old Taxi Park, napanda teksi ya Ntinda naenda mpaka mwisho, nashuka, nanunua karanga, napanda nyingine narudi. Kwa nini Ntinda sijui, labda kwa sababu simjui mtu kule. Wiki ya tatu konda mmoja akaniangalia akasema, madam, leo tena? Na hakunidai nauli. Mwanangu, nililia kwenye ile teksi watu wakadhani nimefiwa. Na kumbe ile miezi pesa niliyokuwa nakula ilikuwa ya kukopa kwa watu, maana nisingeweza kupunguza chochote nyumbani bila kueleza kwa nini. Hiyo siri ilinila pesa kuliko kukosa kazi kwenyewe.

Kwa hiyo ndo maana nasema, kabla meneja hajajua, mama ajue. Na usimwambie kwa meseji, mpigie Jumapili akiwa ametulia, umwambie kwa Kiswahili chenu cha huko nyumbani bila kuzunguka: mama, hii kazi inaniumiza, naondoka mwezi fulani, kuanzia hapo nitatuma 50,000 badala ya 100,000 mpaka nitakaposimama tena. Taja mwezi na utaje pesa. Wazazi wetu hawaogopi shida, wamepita shida ambazo sisi hatujui hata majina yake, wanachoogopa ni kusikia kwa jirani. Na mdogo wako wa S4 ni mtu mzima wa kutosha kuambiwa kwamba hii ada ni ya mwisho kwa raha, asome.

Haya, hesabu, kalamu iko?

Ukitoka leo una 1,400,000. Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba, ada 600,000, na mtoto wa S4 anakaa mtihani wa UCE, ule wa taifa wa kumaliza S4, mwisho wa mwaka, hapo huwezi kumtoa hata kwa bunduki. Inabaki 800,000. Kodi 300,000, benki 210,000, mama hata tukisema 50,000, chakula na umeme weka 150,000 ule posho, yaani ugali, na maharage, na rolex ya chapati na mayai iwe ya Jumamosi tu. Hiyo ni 710,000 kwa mwezi. Una mwezi mmoja na siku chache, alafu unaanza kuukwepa mlango wa mwenye nyumba. Huo ndo mlango rafiki yako anaosema utafunguliwa.

Ukitoka mwisho wa Oktoba mambo ni tofauti, si mazuri, ni tofauti. Benki itakuwa imebaki miezi 4, ada imelipwa, na ukiweza kuweka hata 100,000 kila mwezi kwa hiyo mishahara ya Agosti, Septemba na Oktoba, hapo unaanza kupumua. Notisi kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na hajafika mitano ni mwezi mmoja, ndo Sheria ya Ajira ya 2006 inavosema, kwa hiyo barua yako inaingia tarehe 30 Septemba. Lakini soma na mkataba wako, kuna makampuni yanaandika zaidi. Ukiondoka bila notisi wanaweza kukudai, usiwape hiyo raha.

Na likizo? Hukuandika neno likizo hata mara moja na hapo nimeshajua hujaenda. Sheria inakupa siku 7 kwa kila miezi 4, maana yake 21 kwa mwaka, na zile ambazo hujala ukiondoka wanatakiwa kukulipa. Mimi ningekuwa wewe ningeomba siku 10 hii Agosti, kwa maandishi, na nakala yake niwe nayo. Siku nne za kwanza usitafute kazi, usifue, usimsikilize mtu, lala. Zilizobaki ndo utembeze sivii. Siku ambazo hazijaliwa ziache zikae, zije kuwa pesa Oktoba. Na uwaombe cheti cha kazi pia, ni haki yako kupewa ukiomba, watu wengi wanatoka na hasira wanakiacha alafu intavyuu ya kwanza wanaulizwa wanaanza kurudi kwa meneja yuleyule kubembeleza.

Kuhusu NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa sababu najua umeshaipigia hesabu kichwani, kila mtu anaipigia. Ile 5% yako na ile 10% ya mwajiri ipo, lakini kwa miaka 29 huigusi. Ni mpaka 55, au 50 ukiwa umekaa mwaka bila kazi, na ile asilimia 20 ya katikati waliyoileta na mabadiliko ya 2022 ni kwa aliyefika 45 na ameweka miaka 10. Kwa hiyo itoe kwenye bajeti, lakini kabla hujaondoka angalia taarifa yako ya NSSF kama kweli wanapeleka kila mwezi, maana kuna waajiri wanakata wanakaa nazo.

Hilo la kukukata 120,000 kwa sababu mteja ametoroka limenikera mpaka nikaenda kujitengenezea chai. Sheria imetaja makato yanayokubalika kwenye mshahara, kodi ya serikali, NSSF, pango kama unakaa nyumba ya kampuni, ada ya chama cha wafanyakazi, vitu kama hivo. Deni la mtu mwingine halimo. Kusanya payslipu zako zote zenye hayo makato, zipige picha, zitume kwenye imeili yako wewe si ya ofisi. Kwanza uwaandikie kwa upole kuuliza haya makato yanatoka wapi. Wakikaa kimya kuna leba ofisa, yaani afisa kazi, wa wilaya ilipo ofisi yenu, kumwona ni bure. Najua utasema Shangazi nikienda huko nitafukuzwa. Sawa, nenda baada ya kuondoka, lakini usikae sana, na ikitokea wamekufukuza kabla hujaondoka mwenyewe basi malalamiko yako yaingie ndani ya miezi 3.

Benki nao usiwasubiri wakupigie. Nenda tawi lako wakati mshahara bado unaingia, uwaambie mwezi fulani naondoka, tunaweza kusogeza haya malipo yawe madogo kwa muda mrefu? Wanaweza kukataa. Lakini mtu anayekuja na mshahara bado mkononi wanamkalisha kiti, anayekuja baada ya kukosa miezi miwili jina lake limeshafika kwenye kumbukumbu za wadaiwa sugu na huko linakufuata kila unapoenda kukopa.

Sasa mwili. Kuamka saa 10 moyo unadunda na mikono kutetemeka ukisikia simu, hiyo usiipeleke kwa rafiki wala usiipeleke kwangu, ipeleke kwa daktari wiki hii. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa damu imepungua, inaweza kuwa wasiwasi ambao umeshakuwa ugonjwa. Na wakikuambia uonane na mtu wa afya ya akili usiruke, najua sisi hapa mtu akisikia Butabika, hospitali ya afya ya akili, anacheka au anakimbia, lakini watu wanaenda pale asubuhi wanamwona daktari wanarudi nyumbani kupika. Daktari akiandika upumzike, hiyo karatasi ina nguvu, mwezi wa kwanza wa ugonjwa sheria inasema ulipwe mshahara kamili. Na akikuambia hii kazi itakuua basi hesabu zangu zote za Oktoba zitupe, toka, tutakula kikomando, chapati na maharage, pamoja.

Kuna kitu kingine kimoja ambacho hakisubiri Oktoba, na wewe wa mikopo unakijua kuliko mimi. Meneja aliyebanwa na tageti siku moja atakuambia usaini fomu ya mteja ambaye hujamwona, au umpe mteja mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani ili karatasi ionekane safi. Siku hiyo hiyo, banange, usiweke saini. Kazi utapata nyingine lakini kesi ya wizi kwa saini yako mwenyewe ni ngumu kuielezea, na yeye atakuwa wa kwanza kusema hakujua.

Narudi kwa mama wa nyanya. Sitakuambia ufungue duka la nguo, Kampala nzima imeambiwa ifungue duka la nguo. Lakini wewe miaka minne umekuwa ukikaa na vikundi vya akina mama, unajua nani anaweka vitabu vizuri na nani anaandika kwenye boksi la sabuni, unajua wapi mhazini anagombana na mwenyekiti kila Alhamisi. Hivo vikundi na SACCO ndogondogo vinahitaji mtu wa kuwawekea hesabu hata kwa siku mbili kwa wiki, hawalipi sana lakini vikiwa vinne vitano ni kodi ya nyumba. Usiwachukue wateja wa kampuni wala usiguse orodha yao, hapo utakuwa unajitafutia kesi. Ila ukiwa umetoka kwa amani, kuuliza haikatazwi. Anza na yeye, mtu aliyekurudishia pesa wakati unamdai atakuambia ukweli pia.

Hiyo barua kwenye simu iandike tarehe juu, 30 Septemba, alafu acha kuifungua kila asubuhi. Na saa 3 usiku toa sauti ya lile grupu, majina yatakuwa yaleyale kesho. Jumapili ukishaongea na mama niandikie alisema nini, hata kama alisema neno moja tu.

Shangazi yako