Madini Nyuma ya Kioo: Kwa Mwanafunzi Mgeni wa Jiolojia Anayekwenda London

Ukumbi wa madini wa Natural History Museum uko ghorofa ya kwanza, na kuingia ni bure. Makabati yake ya mwaloni yamo humo tangu jumba lilipofunguliwa mwaka 1881. Wageni wengi huyapita mbio kwenda The Vault, chumba cha vito kilicho mwisho wa ukumbi. Hicho kiache kwanza.

Sampuli hazikupangwa kwa nchi wala kwa uzuri, zimepangwa kwa kemia. Ndiyo maana malakaiti ya kijani na kalsaiti nyeupe ni ndugu: zote ni kabonati. Tanzanite nayo usiitafute kwenye yakuti ya buluu. Yakuti ni oksaidi. Tanzanite ni zoisaiti, yaani silikati, na mawe mengi ya Mererani hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, buluu huja baada ya kuchomwa.

Chagua kundi moja, makabati matano au sita, basi. Chora sampuli kwa penseli kabla ya kusoma kibandiko. Ukianza na jina, jicho linaacha kutafuta.

Kinachopotosha wengi ni rangi. Fluoraiti huja zambarau, kijani, njano, hata bila rangi. Tazama pembe za mchemraba wake: mara nyingi moja imebanduka, na palipobanduka pamebaki uso bapa wa pembetatu. Huo ni mpasuko, yaani tabia ya madini kuvunjika kwa nyuso bapa. Fluoraiti hukua kama mchemraba lakini haipasuki kwa kufuata nyuso zake. Chumvi ya mawe hukua mchemraba na kupasuka mchemraba. Pairaiti utaijua kwa mistari myembamba usoni: mistari ya uso mmoja hukatana kwa nyuzi 90 na ya uso wa jirani.

Lenzi ya mkononi ya 10x haikufai hapa. Inalenga umbali wa sentimita 2.5 hivi, na kioo kinakuzuia kufika huko. Beba darubini ndogo inayolenga vitu vya karibu. Ukipiga picha, zima flashi na ugusishe simu kwenye kioo, la sivyo utarudi na picha za madirisha.

Zikibaki dakika 20, ingia The Vault. Almasi 296 za rangi za mkusanyo uitwao Aurora zitakuvuta, sawa, lakini ulizia bonge la dhahabu la Latrobe, gramu 717, kutoka Australia. Usitazame mng'ao. Tafuta michemraba ya dhahabu.