Mabingwa wa ligi ya Kenya tangu 1963: namna ya kuwahesabu

Mwanachama mwenzetu aliuliza juzi maswali matatu kwa mpigo: kama ni kweli Gor Mahia wana mataji 21 ya ligi, kwa nini orodha za mabingwa zinatofautiana kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na kama kuna klabu ya nje ya Nairobi iliyowahi kutwaa ubingwa. Majibu mafupi ni kwamba 21 ni hesabu sahihi hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, orodha zinatofautiana kwa sababu klabu zetu zimebadili majina, na klabu za nje ya Nairobi zimetwaa ubingwa tangu msimu wa kwanza kabisa. Majibu hayo mafupi hata hivyo hayatoshi, kwa sababu orodha ya mabingwa haieleweki mpaka mtu ajiulize, katika kila kipindi, ni nani aliyekuwa akimlisha mchezaji.

Nimezaliwa Kaloleni, ng'ambo tu ya barabara ya Jogoo ukitoka Uwanja wa City, ambao sasa unaitwa kwa jina la marehemu Joe Kadenge. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli na shabiki wa Abaluhya, klabu inayoitwa leo AFC Leopards, mama yangu anatoka Siaya, na kaka zake wote walikuwa watu wa Gor Mahia. Kwa hiyo mechi ambayo Nairobi nzima huiita ya mashemeji ilichezwa pia sebuleni kwetu, na wajomba zangu walipokuja Jumapili kula chakula cha mchana, hakuna aliyetaja mpira kabla ya sahani kuondolewa. Baba aliweka daftari la mabingwa. Alianza kuliandika Abaluhya waliposhinda mwaka 1966, akarudi nyuma kujaza miaka mitatu iliyotangulia, na alipofariki nililichukua mimi nikaliendeleza.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo unajibu swali la tatu. Ligi ya taifa ilianza 1963, mwaka wa uhuru, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1964 walishinda Luo Union, na 1965 kombe likaenda Mombasa kwa Feisal. Baada ya Abaluhya kutwaa mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Gor Mahia kushinda 1968, ubingwa ulirudi Nakuru 1969. Jambo ambalo hunihuzunisha kila ninapolifikiria ni kwamba Mombasa, mji wenye wapenda mpira wa namna ile, haujaupata tena ubingwa tangu Feisal, ingawa Bandari walikaribia walipomaliza wa pili mwaka 2019.

Sasa nije kwenye majina, kwani hapo ndipo mabishano yote yanapozaliwa. Gor Mahia waliundwa Februari 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, wakabeba ubingwa mwaka huohuo wa kwanza. Wapo mashabiki wanaotaka taji la Luo Union la 1964 lihesabiwe kwa Gor kwa hoja kwamba mtoto hurithi mali ya mzazi. Siikubali hoja hiyo, na sababu yangu ni moja: Luo Union ilifufuliwa baadaye ikawa klabu inayojitegemea, ikashinda ligi 1975 huku Gor wakiwa katika ligi hiyohiyo, kisha ikatwaa kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Klabu iliyoshindana na Gor uwanjani haiwezi kuwa Gor.

Hali ya Abaluhya ni tofauti kabisa. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila katika vyama na klabu, mwanzoni mwa utawala wa Rais Moi, Luo Union iliitwa Reunion na Abaluhya wakawa AFC Leopards. Wachezaji walikuwa walewale na mashabiki walewale, na hata herufi AFC zilitokana na jina la zamani. Mataji ya 1966, 1967, 1970 na 1973 ni ya Leopards bila shaka yoyote, sawasawa na yale ya baadaye ya 1980, 1981, 1982, 1986, 1988, 1989, 1992 na 1998. Kenya Breweries nao ndio Tusker wa leo, kwa hiyo ubingwa wao wa 1972, 1977, 1978, 1994 na 1996 lazima ujumlishwe na ule wa tangu 1999, jumla ikawa 13. Anayewatenganisha Breweries na Tusker huku akiwaunganisha Abaluhya na Leopards anahesabu kwa moyo.

Kipindi ninachokifahamu vizuri zaidi, na ambacho naamini hakitarudi, ni kile cha kuanzia 1979 hadi 1993. Kwa misimu 15 mfululizo ubingwa haukutoka kwa Gor Mahia na Leopards: Gor waliuchukua mara nane, Leopards mara saba. Katika miaka hiyo pia, kuanzia 1979 hadi 1985, kombe la Afrika Mashariki na Kati lilibaki mikononi mwa klabu hizo mbili kila mwaka, na ndugu zetu wa Dar es Salaam na Kampala walilitazama kwa mbali. Sisi watoto wa Kaloleni tuliokuwa tukikua wakati huo hatukujua kwamba hali hiyo haikuwa ya kawaida. Tulidhani mpira ndivyo ulivyo, kwamba kombe liko Nairobi na mjadala ni kama litalala kwa baba au kwa wajomba.

Desemba 1987 wajomba walinichukua mpaka Kasarani, uwanja uliokuwa bado mpya, kwa kuwa ulifunguliwa mwaka ule kwa ajili ya michezo ya Afrika. Gor walikuwa wametoka sare ya mabao 2-2 na Esperance kule Tunis katika fainali ya kombe la washindi barani, na Nairobi wakatoka 1-1, wakatwaa kombe kwa kuwa walifunga mabao mengi zaidi ugenini. Nilikuwa na umri wa miaka 15. Nilimwona nahodha Austin Oduor akiliinua kombe, na nilimwona Peter Dawo, ambaye hakuna beki aliyetaka kuruka naye hewani, akibebwa juu kwa juu na watu wasiomjua. Baba, mtu wa Leopards hadi kufa, alikuwa amekataa kuja, lakini tulipofika nyumbani usiku tulimkuta ameandika ushindi huo kwenye daftari kwa wino mwekundu, kando ya ubingwa wa ligi wa Gor wa mwaka huohuo.

Kwa nini basi nguvu hizo zilipungua? Klabu za jamii ziliishi kwa fedha za langoni na michango ya watu wake. Mchezaji alipata nauli, mchele wa nyumbani, pengine kazi ndogo aliyotafutiwa na mzee fulani wa klabu. Mpango huo ulifaa maadamu uwanja ulijaa na viongozi walielewana. Nimesimama mwenyewe kwenye lango la uwanja mmoja miaka ya tisini, nikisaidia kukusanya tikiti kwa ajili ya klabu ambayo sitaitaja, na nilishuhudia umati uliojaza uwanja ukiandikwa kitabuni kama nusu uwanja. Wachezaji walikwenda nyumbani siku ile na ahadi tu. Wakati huohuo, jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa mchezaji wa kampuni: alilipwa mshahara mwisho wa mwezi, alikuwa na kadi ya hospitali, na alijua kwamba miguu ikichoka atabaki kazini. Kila kijana mwenye kipaji katika mtaa wetu alimtazama yeye.

Hivyo orodha ya mabingwa ikageuka. Kenya Breweries walishinda 1994, mwaka ambao pia walifika fainali ya kombe la washindi barani Afrika na kushindwa na Motema Pembe ya Zaire. Gor walijibu 1995, Breweries wakarudi 1996, Utalii wakashinda 1997, Leopards wakapata lile la 1998 ambalo mpaka leo ndilo la mwisho kwao, kisha Tusker 1999 na 2000. Mwaka 2001 na 2002 bingwa alikuwa Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha. Ninawaomba wasomaji wachanga walitafakari hilo: ligi iliyotawaliwa miaka 15 na klabu mbili za jamii ilikuwa sasa inachukuliwa na wakulima wa maua, na mwaka 2006 ikachukuliwa na watu wa kiwanda cha sukari, SoNy wa Awendo. Sisemi hivyo kwa kuwadharau, kwani walistahili kabisa. Walishinda kwa sababu wachezaji wao walikula kila siku.

Kati ya hapo kuna miaka ya 2003 hadi 2005, ambayo ni ya Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi. Migogoro ya shirikisho iliigawa ligi, na wapo wanaoitilia shaka baadhi ya misimu hiyo, lakini Ulinzi waliwashinda waliowekwa mbele yao na wakathibitisha uwezo wao tena mwaka 2010, wakiwa na makao Nakuru. Jeshi nalo ni mwajiri.

Ubingwa unaonigusa kuliko wote baada ya ule wa 1987 ni wa Mathare United, 2008. Mwaka huo ulianza na ghasia za baada ya uchaguzi, na mitaa ya Mathare iliumia pamoja na sehemu nyingine nyingi za nchi. Klabu hiyo ilitokana na chama cha vijana cha Mathare kilichoanzishwa 1987, ambacho katika ligi zake za watoto timu hupewa pointi pia kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka mtaani. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Eastleigh, na nilipita kando ya viwanja vile vya vumbi kila jioni. Hapakuwa na kampuni ya bia wala kikosi cha jeshi nyuma yao, palikuwa na watoto waliolelewa pamoja kwa muda mrefu. Ndiyo maana nasema kwamba kanuni yangu ya mwajiri haifuti kila kitu. Mwaka uliofuata Sofapaka walifanya jambo la ajabu zaidi, wakatwaa ubingwa katika msimu wao wa kwanza baada ya kupanda daraja.

Kiu ya Gor ilidumu miaka 18. Mwaka 2012 walikuwa na ubingwa mkononi mpaka siku ya mwisho, wakatoka sare na Thika United, na Tusker wakaupokea. Mjomba wangu mdogo, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki, aliniambia kwamba hatarudi uwanjani tena. Alirudi 2013, tukasimama naye kwenye sanamu ya Tom Mboya katikati ya jiji pamoja na maelfu ya waliovaa kijani, na alilia waziwazi bila kujali aliyemwona. Gor wakaendelea 2014, na 2015 wakamaliza ligi bila kupoteza mechi, jambo walilokuwa wamelifanya pia 1976.

Sasa ndipo tunapoweza kuijibu ile 21. Hadi 1995 Gor walikuwa na mataji 12. Ongeza 2013, 2014 na 2015, yakawa 15. Tusker walishinda 2016, kisha Gor wakachukua 2017 na 2018. Hapo wengi hukosea, kwa sababu kalenda ilibadilishwa ifuate ile ya shirikisho la Afrika, msimu mpya ukaanza mwishoni mwa 2018 na kumalizika 2019, na Gor wakashinda tena. Misimu hiyo ni miwili, si mmoja. Taji la 2019/20 walitangaziwa Aprili 2020 baada ya korona kuivunja ligi wakiwa wanaongoza. Nimesikia wengi wakilikataa, lakini shirikisho lililitangaza, nami sioni haki katika kuacha msimu bila bingwa wakati timu iliyoongoza inajulikana. Hayo ni 19, na ya 2022/23 na 2023/24 yanakamilisha 21.

Katikati, Tusker walishinda 2020/21 na 2021/22. Huo wa pili waliupata kwa tofauti ya mabao dhidi ya Kakamega Homeboyz, na hawakuruhusiwa hata kwenda kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, kwani FIFA ilikuwa imeifungia Kenya tangu Februari 2022. Wachezaji walifanya kazi ya mwaka mzima wakanyimwa safari kwa ugomvi usiowahusu, na hilo limeandikwa kwenye daftari letu pia.

Msimu wa 2024/25 bingwa alikuwa Kenya Police, kwa mara yake ya kwanza, miaka minne tu baada ya kupanda ligi kuu, mbele ya Gor waliomaliza wa pili. Mjomba alinipigia simu kuuliza kama nimeshawaandika. Nilimwambia ndiyo, mara tu baada ya mechi, chini ya Gor na kwa wino uleule.